Je, Ni Haki Kupandisha Nauli?

Yako maswali ambayo watu huyajibu kwa hasira kabla ya kuyafikiri. Moja ni hili la nauli. Siku mwenye basi au lori anapotangaza kwamba bei ya safari imepanda, abiria husema, «Huyu ni mwizi.» Naye mwenye gari husema, «Asiyetaka ashuke.» Maneno hayo mawili husikika kila mahali penye barabara, na kila mmoja akiisha kusema lake huona kwamba shauri limekwisha. Lakini bado hakuna aliyejibu. Yafaa tulitazame jambo lenyewe taratibu, maana lagusa fedha ya maskini.

Nauli ni nini? Nauli ni malipo ayatoayo msafiri ili achukuliwe kutoka mahali hata mahali. Ndani ya malipo hayo mna mambo mengi asiyoyaona yule akaaye kitini: mna mafuta ya gari, mna mipira ya magurudumu, ambayo katika barabara zetu zenye mashimo huchakaa upesi sana, mna mshahara wa dereva na wa mpokea fedha, mna kodi, tena mna akiba ya kununulia gari jingine siku hili litakapokufa. Mtu asemaye kwamba nauli isipande kamwe, hata mafuta yakipanda bei mara mbili, ni kama amwambiaye mwenye gari, «Uza gari lako kipande kwa kipande ili utuchukue.» Gari lisilolipa gharama zake halidumu. Leo litapunguza safari, kesho litasimama kando ya njia, na wa kwanza kupata taabu ni yule yule abiria aliyefikiri ameshinda.

Basi, kupandisha nauli peke yake si wizi. Hilo tulikubali, ingawa si tamu.

Lakini yule asemaye «asiyetaka ashuke» naye amekosa, tena pengine zaidi. Kwa nini? Kwa sababu nauli si kama bei ya kitenge. Mama akiona kitenge kimepanda bei, aweza kuvaa cha zamani mwaka mmoja tena, na hapana atakayelala njaa. Mfanyakazi akaaye mbali na kazi yake hawezi kusema, «Mwezi huu sitakwenda kazini, maana nauli ni ghali.» Asipokwenda, hana mshahara. Akienda, nauli inaumega mshahara kabla haujafika nyumbani. Kumwambia mtu kama huyo ashuke ni kumwambia aache kula.

Ili tuone vema, natwaa habari ya Alexandra, katika nchi ya Afrika ya Kusini, mwaka 1957. Sijui mfano mwingine ulio wazi kama huo.

Alexandra ni mtaa wa watu weusi, kaskazini ya mji mkubwa wa Johannesburg, umbali wa maili 9 hivi kutoka katikati ya mji, yaani kilometa 14 au 15. Tangu mwaka 1912 Waafrika waliweza kununua viwanja pale viwe mali yao, jambo lililokuwa adimu sana katika nchi ile. Lakini kazi ilikuwa Johannesburg: viwandani, madukani, na katika nyumba za Wazungu, ambako wanaume walilima bustani na wanawake walipika na kufua. Sheria za ubaguzi hazikumruhusu Mwafrika kukaa po pote apendapo. Mji ulimtaka mchana kwa ajili ya mikono yake, na usiku ulimtaka awe mbali. Kwa hiyo kila asubuhi watu elfu nyingi walipanda mabasi kwenda, na kila jioni kurudi. Kumbukeni neno hili, maana tutalihitaji: maili zile 9 hawakuzichagua wao.

Tarehe 7 Januari 1957 kampuni ya mabasi, iliyoitwa PUTCO, ilipandisha nauli kutoka peni 4 hata peni 5. Siku ile ile watu wa Alexandra walikataa kupanda. Walitoka nyumbani kabla ya mapambazuko, wakaenda kwa miguu, na jioni wakarudi kwa miguu. Neno lao lilikuwa «Azikwelwa», maana yake mabasi hayapandwi. Msomaji wa Kiswahili akitega sikio atasikia ndani yake kitu kama «kukwea» kwetu. Wala haikuwa mara ya kwanza. Peni ile ile walikuwa wameikataa mwaka 1943, na Nelson Mandela, aliyekuwa kijana wakati ule, alitembea pamoja nao. Wakaikataa tena mwaka 1944, wakatembea majuma saba. Mwaka 1957 watu wa mitaa mingine ya Johannesburg na wa Pretoria wakafuata, hata waliotembea wakawa makumi ya maelfu. Walitembea Januari, Februari na Machi, miezi ya mvua kwao.

Mtu atasema, «Peni moja tu! Mbona wamejichosha hivyo?» Niliwapa watoto wa darasa letu hesabu yake. Fedha ya nchi ile wakati ule ilikuwa ya Kiingereza, peni 12 ni shilingi 1. Peni moja kwenda na peni moja kurudi ni peni 2 kwa siku. Kwa siku 6 za kazi ni peni 12. Watoto waliimaliza upesi: shilingi nzima kila juma, na nyumba yenye wafanyakazi wawili, shilingi mbili. Kisha mmoja akauliza kama shilingi moja iliweza kununua mkate. Naam, iliweza. Nadhani swali lake lilikuwa jema kuliko hesabu yangu, maana hesabu yaonyesha ukubwa wa fedha tu, bali mkate waonyesha imetoka mkononi mwa nani. Kwa tajiri peni ile ilikuwa mabaki ya mfukoni. Kwa mama wa Alexandra, ambaye mshahara wa mumewe ulikuwa umekwisha gawanywa wote kabla ya siku ya kulipwa, ilitoka katika sufuria.

Polisi waliwasumbua waliotembea. Waliwasimamisha na kudai hati zao za kupitia. Tena Wazungu kadhaa waliowahurumia na kuwapakia katika motokaa zao walisimamishwa vile vile, wakaulizwa vyeti, wakahesabiwa abiria. Serikali ilisema kwamba hili si jambo la nauli, ni siasa. Mimi naona ni yote mawili, na sioni aibu yake. Mtu aliyewekwa mbali kwa sheria, akilalamikia gharama ya umbali ule, je, aseme habari ya basi bila kusema habari ya sheria?

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, kampuni ilikuwa mwizi? Ilisema gharama zake zimepanda, na msaada wa fedha iliyopewa na serikali haukutosha. Serikali nayo haikutaka kuuongeza. Sina sababu ya kusema kwamba kampuni ilidanganya. Abiria nao walisema hawawezi, na hakika hawakuweza. Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa kuwa hufikiri kwamba penye ugomvi lazima mmoja awe mwongo. Lakini watu wawili wakisema kweli na bado hawapatani, yafaa kumtafuta wa tatu ambaye amenyamaza.

Wa tatu ni nani? Tuulize hivi: safari ile ilikuwa ya nani? Basi lilimchukua mfanyakazi, ndiyo. Lakini hakwenda Johannesburg kutembea. Alikwenda kuwasha jiko la mtu mwingine, kuendesha mashine ya mtu mwingine, kufagia duka la mtu mwingine. Bwana mwenye duka alimtaka awepo saa moja asubuhi. Mji mzima ulimtaka. Kama bwana yule angehitaji magunia ya sukari dukani mwake, angelipa gharama ya kuyaleta, wala asingeyaambia magunia yajilipie nauli. Mtu si gunia, najua, ana mshahara wake. Ila mshahara ule ulikuwa umepangwa kana kwamba wafanyakazi wote wanaishi nyuma ya duka.

Mwisho wa shauri lile wenye biashara wenyewe walilitambua, angalau kwa nusu. Chama cha wafanya biashara wa Johannesburg kilitenga fedha, ikatolewa shauri la kwanza: abiria alipe peni 5 kama kampuni itakavyo, kisha arudishiwe peni 1. Katika karatasi lilionekana kuwa jambo jema. Wengi wa Alexandra walilikataa, na watu wa nje wakawaita wakaidi. Lakini angalieni: shauri hilo lilimtaka maskini amkopeshe tajiri peni moja kila safari, tena asimame katika mstari kuidai iliyo yake, baada ya kazi ya siku nzima. Asiyekuwa na peni ya tano asubuhi hasaidiwi na peni itakayorudi jioni. Ndipo likaja shauri la pili: abiria akanunua tikiti kwa peni 4, nayo kampuni ikalipwa peni 5 kwa kila tikiti, ile ya tano ikitoka katika fedha ya wafanya biashara. Mapema mwezi wa Aprili watu wa Alexandra walipanda tena. Mwaka ule ule sheria ikatungwa ya kuwatoza waajiri mchango kwa ajili ya usafiri wa wafanyakazi.

Hesabu ya mashauri yale mawili ni moja: kampuni yapata tano, abiria anabaki na gharama ya nne, mwenye biashara atoa moja. Haki yake si moja. Ninyi mnaojifunza kupima matendo, litazameni hilo kwa bidii, maana mara nyingi udhalimu haumo katika jumla ya fedha, umo katika kuuliza nani angoje.

Wako waliosema kwamba peni ile ilikuwa sadaka ya matajiri. La. Sadaka hutoka katika kilicho chako. Anayelipa sehemu ya safari inayomfaa yeye, huyo analipa deni. Wala tusiisifu kupita kiasi: nauli ilibaki peni 4, lakini Alexandra ilibaki maili 9, na sheria zilizowaweka watu mbali hazikuguswa. Ilipita miaka zaidi ya 30 kabla hazijaanguka.

Hapa kwetu Kongo hatuna kampuni moja ya kukataa mabasi yake. Jijini Kinshasa mabasi madogo mengi ni mali ya watu mmoja mmoja, na serikali ya mji ndiyo ipangayo nauli. Basi, mafuta yakipanda bei na nauli ya serikali ikibaki ile ile, madereva wengi hufanya kitu ambacho watu wa Kinshasa hukiita «demi-terrain»: hawaendi njia yote, huishia katikati, na abiria hushuka kutafuta basi lingine na kulipa mara ya pili. Katika karatasi ya serikali nauli haikupanda. Katika mfuko wa abiria imepanda mara mbili. Nasema wazi kwamba naona jambo hili ni baya kuliko kupandisha nauli waziwazi. Anayepandisha waziwazi amekutaka ukubali au ubishe. Anayekata njia vipande amekunyima hata nafasi ya kubisha. Lakini serikali itangazayo bei isiyoweza kulipia mafuta, kisha isiongeze kitu, nayo imeshiriki. Imejipatia sifa ya nauli ndogo kwa fedha isiyoitoa.

Mtu wa kijijini atasema habari hizi ni za mjini. Si kweli. Mama apandaye lori juu ya magunia na mihogo yake kwenda sokoni, hulipa nauli yake na ya mzigo. Nauli ikipanda, ataipata wapi? Itabidi aiweke katika bei ya mihogo. Na mnunuzi wa mjini akibishana naye hata ashushe bei ile ile ya zamani, kwa kuwa jua linazama na lori linapiga honi, mnunuzi huyo amekula mihogo iliyoletwa kwa fedha ya mama. Mbele ya mama yule sioni tofauti kubwa kati yake na bwana mwenye duka wa Johannesburg.

Namna moja ya kupandisha nauli haihitaji kufikiriwa sana. Mwenye pikipiki aamshwaye usiku kumpeleka mama mwenye uchungu wa kuzaa aweza kuomba zaidi ya bei ya mchana. Njia ni mbaya, giza ni la hatari, naye ameacha usingizi wake. Hiyo ni gharama ya kweli. Lakini kama amekwisha kupatana bei nyumbani, kisha akasimama katikati ya msitu na kudai mara mbili, gharama yake haikuzidi hata kidogo tangu walipoondoka. Kilichozidi ni hofu ya abiria. Mkipatana naye, patana mbele ya mtu wa tatu kabla ya pikipiki kuwashwa, na fedha ya kurudi muitaje hapo hapo.