Kilio cha Jirani

Maneno, kama watu, pengine huzaliwa na heshima yakaishia kuchekwa. Kiingereza kina neno "lugubrious", lenye asili ya Kilatini, ambako "lugere" ni kuomboleza na "lugubris" ni chenye kuhusu maombolezo. Kwa Warumi halikuwa na kejeli. Leo Mwingereza akimsifu mtu kwa neno hilo, mara nyingi humdhihaki: uso umekunjwa kupita kiasi, sauti imelegezwa makusudi. Neno la kilio limekuwa neno la kukitilia shaka kilio.

Shaka hiyo si ya Waingereza peke yao. Aketiye matangani humwona aliaye kwa sauti ilhali marehemu hakuwa wake, na nafsi humuuliza: je, huu si unafiki?

Na litazamwe jambo hili Ilomba, jijini Mbeya, mbali na pwani. Hapo ni nchi ya Wasafwa, lakini Wanyakyusa, Wandali na wengine wamekuwa majirani. Msiba ukitokea, turubai husimamishwa. Wanawake huketi mikekani, wanaume huota moto nje, na michango hukusanywa. Wengi wa waliokuja hawakumjua marehemu kwa karibu. Godfrey Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika mwaka 1939 juu ya mazishi yao: wanawake wakilia, wanaume wakicheza ngoma ya vita. Mgeni angedhani ni mchezo. Kwa wenyewe, ngoma nayo ilikuwa maombolezo.

Kiswahili nacho chafunza vivyo hivyo. "Huzuni" hukaa moyoni mwa mtu. "Msiba", neno la asili ya Kiarabu, ni jambo limfikalo mtu kama mshale ufikavyo shabaha. Lakini matanga hayakaliwi na mtu mmoja. Machozi ya jirani si kiapo juu ya yaliyomo moyoni mwake. Ni mzigo anaousaidia kuubeba. Mwenye kushika jeneza haulizwi kama bega lake lina uchungu.

Unafiki upo, wala haukanushiki. Ila kipimo chake si ukubwa wa sauti. Kipimo ni siku ile matanga yamekwisha kuanuliwa, turubai limekunjwa, na mjane amebaki na nyumba yake: ni nani atakayepiga hodi?