Namba Moja Imekwenda Wapi?

Kuna fumbo dogo wanalopewa wanaoanza kujifunza kuandika programu za kompyuta. Unapewa jedwali la namba, uligeuze kama linavyoonekana kwenye kioo: ya kushoto iende kulia, ya kulia ije kushoto. Safu ikiwa 1 2 3 4, iwe 4 3 2 1. Basi! Mimi nililidharau. Nikaiagiza mashine: pale ilipo namba ya kwanza weka ya mwisho, kisha pale ilipo ya mwisho weka ya kwanza, na zile za kati vivyo hivyo. Ikanijibu: 4 3 3 4.

Itazame safu hiyo, ndugu msomaji. Inapendeza. Uisome kutoka kushoto au kulia, ni ile ile. Tena jumla yake imepanda kutoka 10 hadi 14. Mtu wa takwimu angepiga makofi. Lakini 1 na 2 ziko wapi? Hazikuhama, zimefutwa. 4 ilipokaa pale pa 1, 1 haikuwa na pa kusubiri. Dawa yake ni chombo cha tatu, kitupu, cha kuishika 1 kwa muda wakati wenzake wanapishana. Ukikiangalia kabla au baada ya kazi hiyo utadhani hakina maana.

Mimi ni mtoto wa Basotu, kule Hanang, kwa hiyo fumbo halikuishia pale. Kuanzia miaka ya 1970 shirika la umma la NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lililima ngano kwenye nyanda zetu: mashamba saba, kila moja la ekari zipatazo 10,000, yamenyooka kama jedwali. Wabarbaig walikuwa wakilisha huko kwa majira. Ng'ombe wakiondoka, nyasi zinapumzika. Wapangaji walipoiona nyika, eti ardhi haitumiki! Kumbe utupu ule ndio uliokuwa chombo cha tatu, uliozishika nyasi mpaka mifugo irudi. Matrekta yakapita hata juu ya makaburi ya wazee. Ngano ikapatikana, sikatai, na mkate naula kama wewe. Jumla ilipanda.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda kortini. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua kwa sehemu kubwa, ikisema pamoja na mengine kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Kha! Ni kama kuiambia 1 ilete ushahidi kwamba iliwahi kuwa mwanzo wa safu.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia mtu anasema mahali fulani hapafanyi kazi, naogopa. Kukaa wazi pia ni kazi, na anayeijua ni yule anayesubiri.

Rafiki yangu mmoja, fundi wa mambo haya, hakubali. Anasema namba mbili zinaweza kupishana bila chombo cha tatu: jumlisha 1 na 4 upate 5, toa 4 ubaki na 1, kisha toa hiyo 1 kwenye 5 upate 4. Hakuna aliyepotea. Nikakaa kimya, maana hesabu yake ni sahihi. Labda mkulima na mfugaji nao wangeweza kukaa ndani ya 5 moja kabla ya kugawana pahala. Nikamwuliza, je, 1 ikikataa kujumlishwa?

Akacheka. "Namba haiulizwi, bwana."

Hilo ndilo lililoninyima usingizi.