Anayehukumu Ndiye Aliyeumba

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, Desemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili huja na filimbi na vigelegele. Mabinti waliokeketwa alfajiri hurudishwa nyumbani kwa mwendo wa polepole, khanga zimetandwa juu yao, ndugu wakiwatunza fedha. Usiku wa kuamkia alfajiri hiyo wenzao huwa wametoroka, wakikimbilia kituo cha Masanga, Tarime, au nyumba salama ya Mugumu, Serengeti, iliyofunguliwa na Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana mwaka 2014. Katika pande zote mbili wamo Wakristo, wanaokiri kwamba Mungu ni Muumba wetu na Hakimu wetu. Je, ungamo hilo linatudai nini?

Kosa letu ni kumweka Muumba mwanzoni mwa dunia na Hakimu mwishoni, kisha hapo katikati tukaishi kwa hukumu za watu. Lakini mamlaka ya Mungu ya kuhukumu yanatokana na kuumba kwake. Hakimu wa mahakamani anahitaji mashahidi, naye huweza kudanganywa. Mungu humjua mtu kwa sababu alimfanya, na anajua alimfanya kwa ajili gani. Asiyeumba hana uwezo huo.

Kwa hiyo anayemkeketa binti huwa ametoa hukumu mbili asizostahili kuzitoa: kwamba kazi ya Mungu ilikuwa na kasoro, na kwamba binti ana hatia kwa kubaki kama alivyoumbwa. Hatia hiyo hutozwa hadharani. Asiyekeketwa husimangwa, mahari yake hupungua ng'ombe, na wazazi hutishiwa laana.

Atakayenijibu atasema mwacha mila ni mtumwa. Hoja hiyo ina uzito. Mila za Wakurya na Wangoreme zimelea watoto na kupatanisha majirani kwa vizazi vingi, na imani kwamba yuko Muumba ilikuwapo huku kabla wamisionari Wamennonaiti hawajafika Shirati mwaka 1934. Wengine watamtaja Abrahamu. Lakini agizo la tohara la Mwanzo sura ya 17 liliwahusu wanaume tu, na katika Matendo sura ya 15 mitume walikataa kuwatwika hata hilo waamini wa mataifa mengine. Mila imetengenezwa na watu, nayo itasimama kizimbani pamoja nao.

Lipo swali gumu zaidi: je, tunamtoa binti kwenye hofu ya wazee na kumtia kwenye hofu ya Mungu? Mathayo sura ya 25 inajibu. Hakimu anayeelezwa pale anauliza tulivyomtendea mwenye njaa, mgeni na mfungwa, na anahesabu kila tulichomtendea mdogo kuwa tumemtendea yeye. Basi binti aliyebisha hodi Mugumu usiku, miguu mitupu, hukumu hiyo kwake ni faraja, maana Hakimu amesimama upande wake. Kwa baba aliyekwisha kuhesabu ng'ombe wa mahari, ni swali ambalo hataweza kulikwepa. Hata ngariba hajafungiwa mlango. Aliyemuumba hahitaji kumwangamiza ili haki itendeke. Anamtaka aweke kisu chini na kutubu.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inatoa kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa anayemkeketa binti aliye chini ya miaka 18. Mara nyingi, hata hivyo, sheria hufika damu ikiwa imeshamwagika. Mhubiri anaweza kuwahi kabla. Wachungaji, makatekista na wazee wa kanisa wa Mara, lisemeni jambo hili mimbarani kuanzia Septemba, na baba na mama wakiwa wameketi mbele yenu: mwili wa binti umekwisha kuhukumiwa na aliyeuumba, naye alisema ni chema.