Hapo Ulipo Panaitwaje?

Basi la usiku likishaipita Segera kuelekea Mombo, abiria wengi huwa wamelala. Wanajua walikotoka, Dar es Salaam, na wanakokwenda, Moshi au Arusha. Vijiji vya Korogwe wanavipita gizani. Mmoja wao akizidiwa, au gari likiacha njia, atakayebahatika kushika simu na kupiga 112 ataulizwa yuko wapi. Jina la kampuni ya basi analo, na namba ya kiti anayo. Jina la kijiji hana.

Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, Coaster iliyokuwa ikisafirisha mwili wa marehemu kutoka Dar es Salaam kwenda kuzikwa Rombo iligongana na Fuso huko Magila Gereza, wilayani Korogwe. Watu 17 walitangazwa kufariki, na idadi hiyo ikaongezeka baadaye. Wengi wao walikuwa wa familia moja. Majeruhi walipelekwa hospitali za Magunga, mjini Korogwe, na Bombo, mjini Tanga. Walikuwa Watanzania wenye Kiswahili chao safi, na bado mahali walipopatwa na ajali palikuwa ugenini.

Mwenyeji wa Korogwe au wa wilaya jirani ya Handeni hapatwi na shida ya namna hiyo kirahisi, maana yeye hapigii ofisi simu, anampigia mtu. Mama akishikwa na uchungu usiku huko Magoma au Kwamsisi, anaamshwa jirani, anaamshwa mwenyekiti wa kitongoji, anatafutwa kijana wa bodaboda au mwenye Noah. Dereva haulizi anwani. Akiambiwa ni kwa mzee fulani, pale ng'ambo ya mto, amekwishafahamu pa kupita na mahali penye tope. Hata nauli inaweza kungoja mahindi yauzwe. Huo ni mfumo kamili wa dharura, nao unamdai mtu sharti moja tu, kwamba awe anajulikana.

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, haraka huonekana katikati ya wenzake. Katika dharura mambo hugeuka. Mwenyeji ndiye anayeonwa na wote, na mgeni anaweza kulala kando ya barabara huku wapita njia wakijiuliza ni wa nani.

Mtanzania anayekwenda kusoma Osaka au Nagoya, nchini Japani, hukutana na mfumo uliojengwa kwa kinyume cha huo wa kijijini. Huko hajulikani na mtu, na hakuna anayetarajia ajulikane. Zimamoto na gari la wagonjwa vina namba moja, 119. Polisi ni 110. Anayepokea 119 huuliza kwanza kama ni moto au ni mgonjwa, kisha huuliza mahali. Gari halitozi nauli, awe raia au mgeni. Kasheshe ni hiyo anwani. Mitaa mingi ya Japani haina majina. Nyumba hutajwa kwa jina la eneo, namba ya kitalu na namba ya jengo, na hata Mjapani akiwa mbali na kwake hawezi kuzikisia. Kwa hiyo wamezibandika njiani. Ziko kwenye nguzo za umeme, na ziko kwenye mashine za kuuzia vinywaji zilizosimama karibu kila kona. Mgeni asiyejua kusoma kanji anaweza walau kumwonyesha mpita njia kile kibandiko na kumpa simu aseme badala yake. Katika miji mingi, kituo cha 119 nacho humwingiza mkalimani kwenye simu hiyohiyo, watu watatu wakazungumza kwa pamoja.

Gari likishafika, linakuja jambo jingine la kumchanganya mgeni. Mgonjwa amepakiwa, mlango umefungwa, na gari haliondoki. Wahudumu wamo ndani wakipiga simu kutafuta hospitali yenye nafasi na daktari anayefaa, na wakati mwingine hukataliwa mara kadhaa kabla ya kukubaliwa. Mwenyeji anajua ndivyo kazi inavyokwenda. Rafiki wa mgonjwa kutoka Afrika Mashariki, aliyezoea kuona gari likiondoka kwa kasi hata kama huko liendako hakuna daktari, anaweza kudhani mwenzake amepuuzwa.

Japani haikuzaliwa ikijua kusema na wageni. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi lilipiga Kobe na maeneo jirani na kuua watu zaidi ya 6,000. Matangazo ya maafa yalitolewa kwa Kijapani kigumu cha ofisini, na wageni wengi hawakuambulia kitu. Baada ya hapo wataalamu wa lugha wa Chuo Kikuu cha Hirosaki walisaidia kuunda Kijapani chepesi cha nyakati za hatari, chenye sentensi fupi na maneno ya kila siku. Mpango huo haukumtaka mgeni akimbilie darasani kwanza. Ulimtaka mwenyeji abadilishe namna yake ya kusema.

Handeni ina kisa chake katika jambo hili, nacho ni kirefu kuliko cha Kobe. Katika karne ya 19 Wazigua wengi wa pande hizo, baadhi yao wakiikimbia njaa, waliishia utumwani Somalia, na wazao wao wakakaa bonde la Mto Juba wakiendelea kusema Kizigua. Vita vilivyozuka nchini humo mwaka 1991 vikawatawanya. Baadhi walirudi Tanzania, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na wengi wakapata uraia. Wengine waliingia makambi ya Kenya, na kuanzia mwaka 2003 Marekani ikaanza kuwapokea Wabantu wa Somalia wapatao 12,000. Baadhi yao walihamia mji mdogo wa Lewiston, jimboni Maine.

Huko namba ya dharura ni 911, na hospitali zinatakiwa kumtafutia mgonjwa mkalimani. Tatizo lilianzia kwenye makaratasi. Fomu zilisema mtu huyu katoka Somalia, basi mara nyingi aliyeletwa alikuwa mkalimani wa Kisomali, ilhali miongoni mwa wageni wale walikuwamo wasemaji wa Kimaay na wasemaji wa Kizigua ambao Kisomali hicho hakikuwakaa sawasawa. Mkalimani alikuwapo, sheria ilitimizwa, na mgonjwa akabaki na ugonjwa wake kifuani. Kizigua kilichokuwa kikitafutwa Maine kilikuwa kikitumika kununulia nyanya sokoni Chanika, Handeni mjini.

Sasa zamu ya kupokea imeifikia Handeni yenyewe. Tangu Juni 2022 familia za Wamaasai kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamia kijiji cha Msomera. Uhamisho huo una mjadala wake, ambao makala moja haiumalizi. Lakini watu wameshafika, wanaugua na wanajifungua. Vijana wao wanaongea Kiswahili bila taabu. Bibi aliyezeekea Ngorongoro na Kimaasai chake ndiye aliyebaki katika hali ya yule Mtanzania wa Osaka, tena ndani ya nchi yake.

Serikali haijakaa bure. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 imeweka namba milangoni na vibao barabarani. Mpango wa m-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga na kuzinduliwa kitaifa mwaka huohuo, unampa mjamzito au mama wa kichanga namba ya bure, 115. Gari la wagonjwa likikosekana, hutumwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, na malipo yake huingia kwenye simu. Mfumo huu umeuchukua ule wa jirani na Noah ukauongezea orodha, ili mama asiye na jirani naye apate gari.

Kilichobaki ni sauti ya kupokelea. Miongoni mwa walimu, watendaji wa vijiji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa Handeni wamo wanaosema Kimaasai, Kizigua na Kisambaa tangu utotoni, na wengi wao wanalipwa tayari na halmashauri. Majina na namba zao za simu zinaenea kwenye karatasi moja. Karatasi hiyo ingeweza kubandikwa wiki hii ukutani mwa chumba kinachopokea simu za 115 mkoani Tanga, na gharama yake isizidi vocha za muda wa maongezi.