Rangi Iliyotulia

Ndani ya neli ya kioo iliyozibwa kuna gesi ya hudhurungi, nitrojeni dayoksaidi. Nikiichovya kwenye barafu inapauka. Nikiitia kwenye maji ya moto inakoza kama chai ya rangi iliyochemka mno. Kisha naiacha mezani mpaka rangi itulie, nawauliza walimu tarajali wangu swali la kila mwaka: sasa humo ndani kunaendelea nini?

"Hakuna kitu, mwalimu. Mmenyuko umekwisha."

Na hao ni vijana wanaokokotoa hesabu za msawazo bila kukosea. Wengine huongeza kwamba pande zote mbili zimebaki nusu kwa nusu. Neno "usawa" limewaponza. Kinacholingana pale ni kasi. Molekuli mbili za hudhurungi zinaungana kuwa moja isiyo na rangi, na papo hapo, pembeni kidogo, nyingine inaachana kuwa mbili. Hakuna iliyopumzika.

Siwalaumu. Jicho ni shahidi mwenye nguvu. Hata wataalamu walidhani mmenyuko huenda upande mmoja tu, hadi mkemia Berthollet alipofika Misri mwaka 1798 pamoja na Napoleon, akakuta magadi yamejikusanya kando ya maziwa ya chumvi. Kwenye maabara magadi, yakichanganywa na kalsiamu kloridi, ndiyo yaliyogeuka kuwa chokaa na chumvi. Pale ziwani, chumvi nyingi juu ya mawe ya chokaa ilikuwa ikizaa magadi, polepole, bila mtu kuiamuru.

Nami nilikosea kama wao, tena mahali pazito zaidi. Kwa miaka mingi nilimwomba Mungu amani, na nilichotaka hasa ni kila kitu ndani yangu kisimame. Mama alipofariki nikasubiri moyo urudi ulipokuwa. Haukurudi. Nilidhani imani yangu ina kasoro.

Ilhali kanuni ya Le Chatelier nimeiandika ubaoni sijui mara ngapi! Ukiongeza kitu kwenye msawazo, mmenyuko husogea kukipunguza, lakini haukimalizi. Sehemu yake hubaki, na msawazo mpya hujengeka nayo ikiwemo humohumo. Asubuhi moja nilikuwa nasuuza kikombe cha bati cha Mama, kile chenye mkono uliobanduka rangi, nikajikuta namlilia na wakati huohuo nimetulia kabisa. Machozi yanatoka, shukrani inaingia. Nikaendelea kusuuza.

Mwaka huu, kipindi kilipokwisha, kijana mmoja alibaki nyuma. Akaiinua neli kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu bila kuitikisa.

"Kwa hiyo hata sasa hivi, mwalimu?"

"Hata sasa hivi."

Akairudisha kwenye kishikizo chake taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.