Kumchunga Mtoto si Kumpeleleza

Mtu anayeichunguza dini yetu aweza kutuuliza hivi: "Ninyi mwasema Kurani yakataza upelelezi. Mbona basi mwawahimiza wazazi watie katika simu za watoto wao programu za kuwachunga? Je, huo si upelelezi wenyewe?"

Swali hili ni la haki.

Hatari iliyopo hapana haja ya kuieleza sana. Mtoto wa miaka sita hupewa simu ili anyamaze mama apate kupika, na baada ya dakika chache yumo mbele ya picha chafu, au mchezo wa kamari, au mtu mzima ajifanyaye mtoto mwenzake. Kurani Tukufu yatuamrisha tujiokoe na Moto sisi pamoja na watu wetu (66:7), naye Mtume Mtukufu s.a.w. amefundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga. Mama afunikaye kisima kilichomo uani mwake, nani atamwita jasusi?

Sasa itazameni aya inayokataza upelelezi (49:13). Humo upelelezi umewekwa kati ya dhana mbaya na kusengenya. Dhana hufichwa moyoni, na kusengenya hufanywa nyuma ya mtu. Basi jambo lililokatazwa ni kumvizia mtu kwa siri kwa kuwa umemdhania vibaya. Kuzuia kwa uwazi, mtoto akijua na akielezwa sababu, ni jambo jingine kabisa.

Kwa kipimo hicho programu hizi zaweza kupambanuliwa. Zipo zinazojificha ndani ya simu na kumpelekea mzazi kila neno aliloandika mtoto. Mwaka 2021 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilimpiga marufuku mtengenezaji wa programu ya namna hiyo, SpyFone, asifanye tena biashara ya kuchungulia watu. Habari zilizokusanywa kwa siri hazikulindwa hata kidogo, na mwaka 2018 mwizi wa mitandao alikuwa amezipata za watu wapatao 2,200. Yaani mzazi alidhani anamlinda mwanawe, kumbe alifungua mlango wa nyumba yake mwenyewe. Upande wa pili ipo Family Link ya Google, iliyotolewa mwaka 2017 na isiyouzwa kwa fedha. Mzazi aweza kukubali au kukataa programu inayotakiwa na mtoto, na kuweka saa ya kuzima simu usiku; lakini hasomi barua za mtoto wala hasikilizi mazungumzo yake. Mimi naiona hii kuwa karibu zaidi na adabu ya Kiislamu, ingawa waliyoitengeneza hawakuwa na nia hiyo.

Wengi wenu mtasema: "Sisi tuna simu moja tu nyumbani." Kwenu yafaa zaidi kufunga duka la programu, Play Store, kwa namba ya siri, na kutumia ule mpango wa Android unaoifanya simu ibaki katika programu moja tu mpaka mwenyewe aifungue.

Lakini kuna kosa la upande wa pili. Masihi Aliyeahidiwa a.s. alichukizwa sana na watu wanaowapiga watoto, akaeleza kwamba mzazi mkali wa namna hiyo ni kama atakaye kujifanya mshirika wa Mungu katika kulea na kuongoza. Akahimiza watoto waombewe dua. Maneno hayo yalihusu fimbo, nami naona yaihusu simu pia. Mzazi atakaye kuona kila kitu, kila saa, mpaka mwana anapoota ndevu, anadai sifa ya Al-Basir isiyokuwa yake. Mtoto naye hujifunza kumwogopa baba, na siku atakapopata simu ya rafiki hatakuwa na wa kumwogopa.

Kwa hiyo, kabla hujatia kufuli lolote, mketishe mtoto, umwonyeshe unachofunga na kwa nini. Mwambie pia ni lini utakifungua. Na programu ikikuletea habari ya kutia shaka, usianze na adhabu. Mwulize yeye kwanza, faraghani, mbali na masikio ya ndugu zake.