Baba Mchungaji, Bado

Somo: Luka 14:28–30



Mliokuwepo Sikukuu ya Mavuno mnakumbuka nilitangaza jambo ambalo halikutokea. Nilisimama kati ya mikungu ya ndizi na magunia ya viazi, nikasema mnada ukiisha tutoke sote tukaione ndege aliyoiunda kijana wa usharika wetu ikiruka. Watoto walishangilia. Mnada ukaisha, kabichi ya mwisho ikapata mnunuzi, ndege haikuja. Wapo walioteremka kwenda Soni wakisema kijana ametuaibisha. Hakutuaibisha. Mimi ndiye niliyetangaza bila kumuuliza. Nilikuwa nimesikia injini ikiunguruma nyuma ya nyumba yao juma zima, nikadhani kinachounguruma kiko tayari kuruka.

Alinifuata chumbani kwangu kabla ya mnada, kofia mkononi. "Baba Mchungaji, bado."

Nikamwambia, "Mwanangu, si inawaka?"

"Inawaka, Baba. Lakini bado."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Jumatatu nikapanda kwao nikaone hiyo bado ni kitu gani.

Ndege imelala juu ya meza ya mama yake, imefunikwa kanga. Kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni kama mita moja na nusu. Mifupa yake ni ya balsa, mti wa Amerika ya Kusini, mbao yake nyepesi hata ukiishika unadhani umeshika kibuyu kikavu. Ilikuja vipande vipande ndani ya sanduku aliloachiwa na mgeni mmoja mzee aliyekuwa akirudi kwao Ujerumani. Mbavu zilizovunjika safarini kijana amezichonga upya, kisha akayavika mabawa nailoni nyembamba inayobandikwa kwa pasi ya umeme. Rimoti mkononi, mota ndogo nne tumboni mwa ndege, kila moja na fimbo yake: ya mkia, ya mabawa, ya usukani, na ya kufungua kabureta.

Nasikia watu wanasema anatumia "nitro", wakidhani ni baruti. Kinachowaka hasa ni methanoli. Hiyo nitromethani ni sehemu ndogo, asilimia 10 hivi, ya kuongeza nguvu. Karibu sehemu ya tano ya mchanganyiko ni kilainishi, na ndani yake yamo mafuta ya nyonyo, nyonyo hii hii inayojiotea kando ya barabara zetu. Plagi yake haitoi cheche. Ina waya mwembamba wa platini. Betri ndogo huupasha waya huo moto wakati wa kuwasha tu, kisha betri huondolewa, na waya unaendelea kuwa mwekundu kwa joto la silinda na kwa namna methanoli inavyokutana na platini. Wazazi, methanoli ni sumu. Hupofusha na huua anayeinywa, na moto wake mchana hauonekani vizuri kwa macho. Kijana huifungia kabatini kwa kufuli, na mama ndiye mwenye ufunguo.

Sasa hiyo bado. Injini ikiwa mpya, pistoni na silinda hazijazoeana. Tenki za kwanza huchomwa ndege ikiwa imefungwa chini, mafuta yakiwa mengi kuliko yanavyohitajika, injini ikitoa moshi mzito na kukohoa, dakika chache tu. Inazimwa, inaachwa ipoe kabisa, inawashwa tena. Kila mara sindano ya mafuta inakazwa kidogo sana, kama mtu anayekaza skrubu ya saa. Ukiikaza yote siku ya kwanza utapata mlio mzuri ajabu, halafu chuma kitasagana na chuma. Alikuwa amemaliza tenki nne.

Kuna na jambo la mlima, na hili lilinigusa zaidi. Injini hiyo aliiwasha mara ya kwanza akiwa Tanga, alikokuwa anasomea ufundi, usawa wa bahari. Akaweka alama kwenye sindano mahali ilipoimba vizuri. Alipoileta Lushoto, mita 1,400 hivi juu, kwa alama ile ile ikawa inakabwa na mafuta, kwa sababu hewa ya huku ni nyembamba. Ikabidi aipime upya kwa hewa ya hapa, na hata baada ya kuipima, nguvu yake haifikii ile ya Tanga. Itahitaji uwanja mrefu zaidi kunyanyuka. Akaniambia kwamba ukiichukua ilivyo sasa ukaiteremsha Tanga bila kuigusa, itaungua. Nikawaza vijana tunaowasindikiza kwenye basi la Mombo wakienda mjini kutafuta maisha, tumewapa nauli na maombi, wala hatukuketi nao hata jioni moja kuwaambia hewa ya huko ikoje.

Akanionyesha mizani. Ndege ikiwa na tenki tupu unaiinua kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, karibu theluthi moja kutoka ukingo wa mbele. Pua inatakiwa iiname kidogo. Yake iliinamia mkiani. Ndege iliyolemewa mkiani haitawaliki. Inanyanyua pua, inasimama hewani, inaanguka. Akaenda kwa fundi wa matairi, akapewa vipande vya risasi vya kubalansi magurudumu, akavifunga puani kimoja kimoja huku akipima.

Mwisho aliniomba nishike mkia. Akawasha. Wapendwa, kile kitu kidogo kinachoenea kiganjani huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na kilinivuta hadi nikachimba visigino ardhini. Yeye akaondoka na rimoti, antena yake ameikunja makusudi ili mawimbi yawe dhaifu, akihesabu hatua huku akigeuza usukani, nami nikimwonyesha kwa mkono kama mkia unaitika. Kulia, kulia. Kushoto, kushoto. Ndege nyingi mpya huanguka kwa kosa hilo moja tu: fimbo imefungwa kinyume, rubani anataka kulia, bawa linasikia kushoto. Hatua ya arobaini mkia ukaanza kutetemeka wenyewe. Akarudi, akazima, akaandika kwenye daftari. Chanzo kilikuwa betri ya ndani ya ndege.

Kama ningepewa nilichotaka Jumapili ile, ndege hiyo ingepaa juu ya vichwa vya watoto wetu na betri hiyo.

Somo letu kwa kawaida tunalihubiri tukichangisha jengo. Lakini angalieni kitendo cha kwanza cha yule mwenye kujenga mnara: anaketi. Yesu hakumsifu kwa fedha wala kwa nguvu. Anaketi kwanza, anahesabu. Na Bwana mwenyewe, Luka anatuambia, alikuwa na umri wa kama miaka 30 alipoanza kazi. Miaka yote ile ya Nazareti hatukuandikiwa hata muujiza mmoja.

Ndugu wale wawili wa Marekani waliorusha ndege, Wilbur na Orville Wright, nao waliketi kwanza. Walikuwa watoto wa askofu, Milton Wright. Mwaka 1878 baba aliwaletea chombo cha kuchezea cha kuruka kilichosukumwa na mpira, nao wakakipenda hadi kikavunjika. Walianza na tiara mwaka 1899, wakaendelea miaka mitatu na ndege zisizo na injini. Jumapili ya tarehe 13 Desemba 1903 mashine yao ilikuwa tayari na hali ya hewa nzuri, lakini hawakurusha, kwa kuwa ilikuwa siku ya Bwana. Jumatatu wakajaribu, ikaanguka. Wakaketi wakatengeneza. Alhamisi tarehe 17 ikaruka sekunde 12. Baba yao alisubiri hadi Mei 1910, akiwa na miaka 81, ndipo Orville akampandisha angani.

Nimewaambia habari ya ndege kwa sababu nina deni kubwa zaidi ya tangazo la mavuno. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika mwingine, alikuja kijana aliyeokoka kwa machozi mengi. Alikuwa na sauti, alijua kusema, watu walimpenda. Hata miezi sita haikupita nikamfanya mhazini wa vijana. Alinisihi nimwache kwanza ajifunze. Nikamwambia Roho atamfundisha. Fedha zilipopungua hakujua aanzie wapi kueleza; akaacha kanisa kwa aibu, na mpaka leo simu yangu hapokei. Paulo alikuwa amenionya katika 1 Timotheo 5:22 nisimwekee mtu mikono kwa haraka. Aya hiyo niliijua kwa moyo. Kijana yule alikuwa na moto wa kweli. Mimi ndiye niliyeikaza sindano yote siku ya kwanza. Ninamwombea kila Jumatano, nanyi mkumbukeni katika maombi, ingawa jina lake silitaji.

Kwa hiyo ninaomba haya. Baraza la Wazee tusimpangie kijana wetu tarehe, wala mtu asimuulize njiani "lini?" kwa sauti ya kumsuta. Zimebaki tenki mbili za kuchoma chini na betri mpya ya kununua, na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga anakishughulikia mwenyewe. Siku atakapokuja kuniambia "Baba, sasa," nitapiga kengele. Itakuwa alfajiri, kabla upepo wa bondeni haujapanda. Watoto watasimama nyuma ya kamba pamoja na walimu wao wa Jumapili, na hakuna atakayesogea mbele ya propela.